Siri ni haki, lakini saa hazingoji: kupimwa magonjwa ya zinaa Mombasa

Kondomu hupasuka. Kuna anayelewa Ijumaa usiku akaamka Jumamosi asikumbuke kama alijikinga. Kuna mke anayekuta ujumbe kwenye simu ya mumewe akaanza kuhesabu siku. Kuna aliyelazimishwa, tena na mtu anayemjua. Hali zao ni tofauti, lakini swali linalowajia wengi kwanza ni moja, na wala si swali la ugonjwa: nani ataniona nikiingia pale?

Mombasa ni mji wa watu wanaojuana. Muuguzi wa zahanati ya mtaani huenda akawa shangazi wa jirani, na kwenye benchi la kungojea mtu hukutana na aliyesoma naye madrasa au aliyeimba naye kwaya. Hofu hiyo ina msingi na haifai kuchekwa. Hata hivyo, ndiyo inayowafanya watu wasubiri, na kwa magonjwa haya kusubiri ndiko kunakoumiza. Kinga muhimu kuliko zote hufanya kazi ikianzwa ndani ya saa 72 tu.

Makala haya yanaeleza la kufanya siku ya kwanza, siku za kurudi kupimwa, kipimo kipi hugundua nini, na njia za kuhudumiwa bila mambo kujulikana.

Dalili si kipimo

Wengi hungoja kuona kidonda au usaha ndipo waende hospitalini. Tatizo ni kwamba magonjwa mengi ya zinaa hukaa mwilini kimya. Wanawake wengi wenye klamidia hawahisi chochote, na ugonjwa unaweza kupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuleta utasa bila wao kujua. Kaswende, ambayo wazee wa Pwani huiita sekeneko, huanza na kidonda kisichouma ambacho hupona chenyewe. Mwenyewe hudhani amepona, kumbe ugonjwa umeingia kwenye damu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba kila siku duniani hutokea zaidi ya maambukizi milioni moja ya magonjwa ya zinaa yanayotibika, miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49, na mengi hayana dalili. Hapa nchini, uchunguzi wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba karibu mmoja kati ya kila watu wazima watano wanaoishi na virusi vya Ukimwi (VVU) hakujua hali yake.

Jina lenyewe nalo lisimpotoshe mtu. Magonjwa haya yanaitwa ya zinaa, lakini mume au mke mwaminifu anaweza kuyapata ndani ya ndoa, na mtoto anaweza kuzaliwa nayo. Kupimwa si kukiri kosa.

Saa 72 za kwanza

Mtu anayehisi huenda amekutana na VVU anaweza kupewa dawa zinazojulikana kama PEP. Hizi ni dawa za kupunguza makali ya VVU anazopewa mtu ambaye hana virusi, ili visipate nafasi ya kujikita mwilini. Ni lazima zianzwe ndani ya saa 72 baada ya tukio, na kadiri mtu anavyoanza mapema ndivyo zinavyomkinga vizuri zaidi. Humezwa kila siku kwa siku 28 bila kuruka. Katika vituo vya umma vinavyotoa huduma za VVU, dawa hizi hutolewa bila malipo.

Hesabu ya saa huwachenga wengi, hasa wikendi. Aliyekutana na mtu Ijumaa saa nne usiku, muda wake unaisha Jumatatu saa nne usiku. Akisema atangoja kliniki zifunguliwe Jumatatu asubuhi, ameshapoteza zaidi ya saa 50. Jumatatu hiyo ikiwa sikukuu na yeye akangoja Jumanne, muda umekwisha. Kwa hiyo usiku na wikendi, mahali pa kwenda ni kitengo cha dharura cha hospitali, ambacho hakifungwi.

Kabla ya kutoa PEP, mhudumu humpima mtu VVU papo hapo. Kipimo hicho hakioneshi kilichotokea jana. Huonesha hali ya mtu kabla ya tukio, kwa sababu aliyekuwa na virusi tayari huhitaji matibabu kamili, si kinga ya siku 28. Mhudumu pia atauliza tukio lilikuwa lini, lilikuwa la namna gani, na kama hali ya yule mwenzake inajulikana. Maswali haya yanamsaidia kupima hatari. Hayamhukumu mtu.

Baadhi ya wanaotumia PEP hupata kichefuchefu, uchovu au kuumwa na kichwa siku za mwanzo. Wanaoona hivyo wanashauriwa kurudi au kumpigia mhudumu simu badala ya kuacha dawa. Dawa zikiachwa njiani, kinga nayo huanguka.

Kuna mambo mengine mawili yasiyofaa kungoja. La kwanza ni mimba. Tembe za dharura za kuzuia mimba, zinazojulikana zaidi kama P2, zinaweza kutumika hadi saa 120, yaani siku tano, ingawa zikimezwa mapema hufanya kazi vizuri zaidi. Hapa ndipo wengi hukosea: hukimbilia P2 kwenye duka la dawa, wakameza, wakarudi nyumbani wakidhani mambo yamekwisha. P2 haizuii VVU, kisonono wala kaswende.

La pili ni chanjo ya homa ya ini aina ya B. Ugonjwa huu huambukizwa kwa njia ya ngono, na chanjo yake inaweza kumkinga mtu hata baada ya tukio ikitolewa mapema. Watoto wa Kenya walianza kupewa chanjo hiyo katika ratiba ya kawaida mwaka 2001, kwa hiyo watu wazima wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata.

Siku ya kurudi ni ipi?

Kila ugonjwa una kipindi ambacho umeshaingia mwilini lakini kipimo hakiwezi kuuona. Wahudumu hukiita kipindi cha dirisha. Aliyepimwa mapema mno hupata jibu la "hakuna" na kwenda zake kwa amani ya bure. Kwa mtu asiye na dalili, ratiba ya kawaida ni hii:

- Siku ya kwanza hadi ya tatu: PEP, kipimo cha mwanzo cha VVU, na vipimo vya kaswende na homa ya ini aina ya B ikiwezekana. Majibu haya yanaonesha hali ya kabla ya tukio.
- Wiki ya pili: kisonono, klamidia na trikomonasi.
- Wiki ya nne hadi ya sita: kipimo cha pili cha VVU na kaswende. Kwa aliyetumia PEP, hapa ndipo anapokuwa amemaliza dawa.
- Mwezi wa tatu: kipimo cha mwisho cha VVU, kaswende na homa ya ini aina ya B. Asiyeonekana kuwa na VVU wakati huu, na ambaye hajakutana na hatari nyingine katikati, anaweza kuliamini jibu lake.

Kabla ya majibu ya mwisho kutoka, kondomu ni lazima, hata kwa wanandoa.

Mwenye dalili hafuati kalenda hii. Anayetokwa na usaha, anayehisi moto akienda haja ndogo, mwenye kidonda au uvimbe sehemu za siri, mwanamke anayeumwa chini ya kitovu, au mwanamume aliyevimba korodani, anapaswa kuonwa siku hiyo hiyo.

Kipimo kipi hugundua nini

Hakuna kipimo kimoja kinachoona magonjwa yote. Watu hulipia "kipimo cha magonjwa ya zinaa" wasijue walichopimwa, na hapo ndipo pesa na muda hupotea.

Damu hutumika kupima VVU, kaswende na homa ya ini aina ya B. Kwa VVU na kaswende, tone moja kutoka kwenye kidole hutosha, na jibu hutoka wakati mtu angali kituoni. Damu haitumiki kutambua kisonono wala klamidia iliyopo sasa.

Kisonono na klamidia hutafutwa mahali vijidudu vyenyewe viliko. Kwa mwanamume, hutumika mkojo wa mwanzo, na ni vizuri awe hajaenda haja ndogo kwa saa moja au zaidi kabla ya hapo. Kwa mwanamke, hutumika kijiti chenye pamba kinachopitishwa ukeni, na mara nyingi anaweza kukipitisha mwenyewe akiwa peke yake chumbani. Ikiwa tukio lilihusu mdomo au njia ya haja kubwa, kijiti hupitishwa huko, kwa hiyo mhudumu anahitaji kuambiwa ukweli. Asipoambiwa, atapima mahali pasipo na ugonjwa.

Usaha wa mwanamume ukitazamwa kwa darubini, kisonono huweza kuonekana. Klamidia haionekani kwa darubini. Huhitaji kipimo cha vinasaba, ambacho si kila maabara inacho. Na kile kipimo cha kawaida cha mkojo cha kuchovya kijikaratasi huonesha kama kuna uvimbe au maambukizi kwenye njia ya mkojo, lakini hakitaji kisonono wala klamidia. Aliyefanyiwa hicho peke yake akaambiwa ana "UTI" hajapimwa ugonjwa wa zinaa.

Kwa sababu hiyo, zahanati nyingi humtibu mgonjwa kwa kufuata dalili zake, na dawa hulenga magonjwa kadhaa kwa pamoja. Utaratibu huo ni halali na humwokoa mtu safari za maabara. Upungufu wake ni kwamba hauwezi kumwona asiye na dalili. Mtu wa namna hiyo anapaswa kueleza wazi kwamba hana dalili ila alikuwa katika hatari, kisha aulize ni hospitali gani yenye kipimo anachohitaji.

Aliyewahi kutibiwa kaswende naye ana jambo la kutaja. Kipimo cha haraka cha kidole huweza kuendelea kuonesha kaswende maisha yake yote hata kama alipona. Mhudumu akijua historia hiyo, ataagiza kipimo kingine kinachoonesha kama ugonjwa upo sasa.

Kujipima nyumbani

Tangu mwaka 2017 Kenya imeruhusu watu kujipima VVU wenyewe. Vifaa hivyo huuzwa katika maduka ya dawa, na baadhi ya vituo vya umma huvitoa. Kuna aina ya kupitisha kijiti kwenye fizi na aina ya tone la damu. Kwa anayeogopa kuonekana, hii ni njia nzuri, mradi masharti matatu yafuatwe.

Kwanza, maelezo ya kwenye pakiti yafuatwe neno kwa neno, hasa dakika za kungoja. Jibu likisomwa mapema au likiachwa likapitwa na wakati, huweza kupotosha. Pili, kifaa hiki nacho kina dirisha lake: aliyejipima siku tatu baada ya tukio hajajua lolote kuhusu tukio hilo, na hakiwezi kuchukua nafasi ya PEP. Tatu, mistari miwili si jibu la mwisho. Ni ishara ya kwenda kituoni, ambako VVU huthibitishwa kwa kipimo zaidi ya kimoja kabla mtu hajaambiwa lolote. Anayetumia dawa za VVU, PEP au PrEP asitegemee kujipima, kwa kuwa dawa hizo huweza kubadilisha jibu.

Pa kwenda bila kujulikana

Hakuna sheria inayomlazimu mtu kutibiwa katika mtaa wake. Mkazi wa Likoni anaweza kuvuka feri akahudumiwa Tudor, wa Kisauni akaenda Port Reitz, na wa Changamwe akaenda Likoni. Hospitali za kaunti ndogo zina maabara na huduma za VVU. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani, ambayo wengi huiita Coast General, ina kitengo cha dharura cha saa 24.

Hospitali kubwa ina faida nyingine: mlango wake ni mmoja kwa wenye malaria, wenye kisukari na waliokuja kutazama wagonjwa. Anayeingia hajulikani amefuata nini.

Mtu halazimiki kueleza shida yake dirishani mbele ya foleni. Inatosha kusema, "Dada, naomba kumwona mshauri," au "Daktari, nina jambo la faragha." Anayehitaji PEP anaweza kuliandika neno hilo kwenye karatasi na kulipitisha. Katika chumba cha ushauri ana haki ya kuomba mlango ufungwe, na kuomba wanafunzi au wengine wasiohusika watoke.

Wengine hupendelea kliniki binafsi. Ni chaguo zuri ikiwa kliniki ina leseni. Leseni ya Baraza la Madaktari, KMPDC, hutakiwa kuwekwa mahali inapoonekana. Maabara husajiliwa na bodi ya KMLTTB, na duka la dawa na Bodi ya Famasia na Sumu. Kabla ya kulipa, mteja aulize mambo manne: ni magonjwa gani yatapimwa, kwa sampuli gani, majibu yatatoka lini, na jumla ni shilingi ngapi.

Siri nyingi hazivuji hospitalini. Huvujia nyumbani, kwenye vitu vidogo:

- Ujumbe wa M-Pesa hutaja jina la aliyelipwa. Anayeshiriki simu na mwenzake anaweza kulipa kwa pesa taslimu.
- Maabara nyingi hutuma majibu kwa ujumbe mfupi au barua pepe. Anaweza kuomba ayafuate mwenyewe, au atoe namba anayoishika yeye peke yake.
- Bima ya kazini huweza kuonesha huduma iliyotumika kwenye taarifa ya mwenye kadi. Mtegemezi anayetumia kadi ya mzazi au ya mwenzi aulize kwanza.
- Chupa ya tembe hugonga mkobani na jina la dawa limeandikwa ubavuni. Mfamasia anaweza kuombwa bahasha isiyo na maandishi na ushauri wa kuzihifadhi bila kuziharibu.

Jambo la hatari ni kukwepa kuonekana kwa kununua sindano au tembe dukani bila kupimwa. Kisonono kimeshakuwa sugu kwa dawa kadhaa zilizokuwa zikikitibu zamani, na nusu dozi huzidisha usugu huo. Dalili hupotea, ugonjwa hubaki.

Sheria inasemaje

Kifungu cha 31 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya faragha, na kifungu cha 43 kinampa haki ya kiwango cha juu cha afya, ikiwemo afya ya uzazi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka wahudumu kutunza siri za mgonjwa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la data nyeti.

Kuhusu VVU, sheria ni kali zaidi. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na Ukimwi ya mwaka 2006 inasema mtu apimwe kwa hiari yake, na kutoa matokeo ya mtu mwingine bila idhini yake ni kosa. Sheria hiyo inakataza kumlazimisha mtu kupimwa kama sharti la kuajiriwa, kujiunga na shule au chuo, kusafiri, kupata bima, au kufunga ndoa. Kiongozi wa dini anaweza kuwashauri wachumba wapimwe, na ushauri huo ni mwema, lakini hawezi kuufanya sharti wala kudai kuona karatasi ya majibu.

Ambaye siri yake imetolewa anaweza kumwendea msimamizi wa kituo, kisha Idara ya Afya ya Kaunti. Baraza la KMPDC hupokea malalamiko kuhusu madaktari na vituo, Ofisi ya Kamishna wa Data huyapokea yanayohusu taarifa za mtu, na Jopo la VVU na Ukimwi, lililoundwa na sheria hiyo ya 2006, husikiliza kesi zinazohusu VVU. Malalamiko huwa na nguvu yakiwa na tarehe, saa, jina la kituo na maneno yaliyosemwa.

Vijana na wajawazito

Kwa mujibu wa mwongozo wa kitaifa wa upimaji wa VVU, kijana wa miaka 15 na zaidi anaweza kukubali kupimwa bila mzazi. Sheria ya 2006 pia inamruhusu mtoto aliye mjamzito, aliye mzazi, au aliye katika hatari ya kuambukizwa kutoa idhini yake mwenyewe. Kijana aliyefukuzwa dirishani kwa kukosa mzazi asikubali kurudi nyumbani huku saa 72 zikiyoyoma. Aombe kumwona mshauri au msimamizi wa zamu.

Mama mjamzito hupimwa VVU, kaswende na homa ya ini aina ya B kliniki. Aliyekuwa katika hatari baada ya kipimo cha kwanza aseme, apimwe tena. Kaswende huweza kuua mtoto tumboni au kumzalisha akiwa na ulemavu, ilhali sindano ya penisilini inayotolewa mapema humlinda yeye na mtoto. Baba asipotibiwa, mama huambukizwa upya.

Aliyelazimishwa

Aliyebakwa au kunajisiwa aende hospitalini kwanza. Matibabu hayangoji ripoti ya polisi, na katika hospitali ya umma hutolewa bila malipo. Atapewa PEP, dawa za kuzuia magonjwa mengine ya zinaa, kinga ya mimba na ushauri nasaha.

Kama anaweza, asioge wala kupiga mswaki kabla ya kuonwa. Nguo alizovaa zifungwe kwenye karatasi au gazeti, si mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevunyevu huharibu ushahidi. Aliyekwisha kuoga asikate tamaa. Bado aende. Daktari hujaza fomu ya huduma baada ya ubakaji, na polisi hutoa fomu ya P3. Coast General ina kituo maalumu cha kuwahudumia waathiriwa wa dhuluma za kijinsia. Namba 1195 hupigwa bila malipo kwa msaada wa dhuluma hizo, na 116 ni ya watoto.

Majibu yakitoka

Kisonono, klamidia, trikomonasi na kaswende hutibika na kupona kabisa. Dozi imalizwe, na mtu ajiepushe na ngono mpaka siku saba zipite baada ya matibabu na mwenzi naye awe ametibiwa. Wakitibiwa kwa zamu, mmoja leo na mwingine mwezi ujao, huambukizana upya kama mpira unaorushwa ukutani.

VVU havina dawa ya kuviondoa, lakini anayeanza dawa mapema na kuzimeza vizuri huishi maisha marefu, na virusi vikishuka hadi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Dawa hizo hutolewa bure katika vituo vya umma. Homa ya ini aina ya B hufuatiliwa na kudhibitiwa. Virusi vya HPV havina kipimo cha kawaida kwa wanaume. Wanawake wa miaka 25 hadi 49 wanashauriwa kuchunguzwa mlango wa kizazi hata kama wako sawa.

Kumwambia mwenzi ni hatua ngumu, na si lazima mtu aifanye peke yake. Anaweza kumleta kituoni wakaelezwa pamoja, au kuomba mhudumu amwite mwenzi huyo apimwe bila kutaja jina la aliyempeleka. Anayehofia kupigwa au kufukuzwa nyumbani amweleze mshauri kwanza, ili njia itafutwe iliyo salama.

Na aliyeponyoka safari hii, majibu yote yakiwa safi, bado ana swali moja la kumuuliza mhudumu kabla hajaondoka. Kama hatari hiyo inaweza kujirudia, kuna PrEP, dawa ya kumezwa kabla ya hatari, inayopatikana katika vituo vya umma tangu mwaka 2017. Kuna kondomu za bure, na kuna chanjo ya homa ya ini ya kukamilisha.

Kwa ufupi

- Ndani ya saa 72: kitengo cha dharura au kliniki, kuomba PEP. Usiku na wikendi pia.
- Ndani ya saa 120: tembe za dharura za kuzuia mimba, kwa anayezihitaji.
- Wiki ya pili, wiki ya nne hadi ya sita, na mwezi wa tatu: kurudi kupimwa.
- Dalili yoyote: siku hiyo hiyo.
- Kituo chochote cha umma, mtaa wowote. Majibu ni ya aliyepimwa, na ni yeye anayeamua atakayeyasikia.